Deni kubwa linalala, deni dogo linabisha hodi: hesabu za mwanafunzi wa chuo Tabora

Mwanafunzi wa chuo hapa Tabora anaweza kudaiwa milioni 10 na Bodi ya Mikopo na akalala usingizi mnono. Huyo huyo akidaiwa 40,000 na mtu wa Isevya anazima simu, anapita njia ya nyuma kwenda darasani, na usiku anahamia kwa mshikaji wake Ipuli hadi mambo yapoe. Muulize ana madeni kiasi gani. Atakutajia ile 40,000, na ile milioni 10 hataigusa.

Wazazi wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini kijana hajakosea sana. Deni la mwanafunzi halipimwi kwa ukubwa wake. Lipime kwa mambo mawili: linakula kiasi gani kila siku linapokaa, na linaweza kukusubiri kwa muda gani. Kwa kipimo hicho lile kubwa ndilo la bei rahisi kuliko yote, na vidogo vidogo vya mtaani ndivyo vinavyomaliza watu. Tatizo ni kwamba vidogo hivyo havizaliwi na uzembe peke yake, kama inavyosemwa kwenye semina za mwaka wa kwanza. Vinazaliwa na kalenda.

Fedha ya mwanafunzi wa Tabora huingia kwa mafungu, na matumizi yake ni ya kila siku. Mwenye mkopo wa Bodi husubiri bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 imekuwa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500 ya awali, na hutolewa kwa awamu. Asiye na mkopo mara nyingi ni mtoto wa mkulima. Kama baba yake analima tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge, fedha ya nyumbani itakuja masoko yakishafunguliwa na chama cha ushirika kikishalipwa, na masoko hayo huanza karibu na katikati ya mwaka. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba, wakati baba ameshamaliza fedha ya msimu uliopita na yuko shambani anakopa pembejeo. Mtoto anadaiwa chuoni, baba anadaiwa kwenye ushirika, na wote wawili wanasubiri jani lile lile.

Tuchukue bumu la siku 60 kwa anayepata kwa ukamilifu: 600,000. Siku linaposoma kwenye akaunti, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Geto, yaani chumba cha kupanga, la 40,000 kwa mwezi mnakaa wawili, sehemu yako ni 120,000. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, nayo inasubiri. Dukani unadaiwa 40,000. Mdogo wako nyumbani ameomba 30,000 ya sare, na huwezi kukataa kwa sababu kijiji kizima kinajua bumu limetoka. Zimebaki 359,600. Gawa kwa siku 60 upate kama 6,000 kwa siku, na hapo hujanunua bando, hujatoa kopi ya kitini, hujanyoa.

Kwa hiyo ile 10,000 kwa siku ambayo kila mtu anaitaja haipo. Anayeishi kama vile ipo, wiki tatu za kwanza anakula chipsi kuku, wiki ya tano anapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja kwa siku. Tena 60 yenyewe ni siku za kwenye karatasi. Mara orodha imechelewa, mara kuna jina halijasomeka, mara kuna likizo katikati. Mimi ningegawa kwa 75. Inatoka kama 4,800 kwa siku, au 33,500 kwa wiki. Inauma, ila ni hesabu ya kweli, na kwa Tabora mtu anayepika geto anaweza kuishi kwa fedha hiyo.

Wote mnachacha siku moja

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, na sijaona likielezwa vizuri. Mtu wa kawaida akikwama huomba kwa jirani, kwa sababu jirani ana mshahara wa tarehe nyingine au amevuna jana. Wanafunzi hawana jirani wa namna hiyo. Bumu linawafikia wote siku zilezile na linawaishia wote siku zilezile. Wiki ya saba kila mlango wa geto unabishwa na kila aliye ndani naye alikuwa anajiandaa kutoka kwenda kubisha kwingine. Wanaohitaji fedha ni wengi kupita wakati wowote, na wa kukopesha hayupo hata mmoja.

Mkopeshaji wa mtaani analijua hilo kuliko mhadhiri wa uchumi. Ndiyo maana bei yake ni ile. Anakupa 50,000, mwisho wa mwezi unarudisha 65,000, na dhamana ni kompyuta mpakato au kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mikopo ya aina hii watu wameipa jina la kausha damu, na sidhani kama kuna haja ya kuongeza neno. Linganisha na sheria: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa daraja la pili, yaani asiyepokea amana za watu, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba uliowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 50,000 hiyo ni riba ya 1,750. Tofauti kati ya 1,750 na 15,000 ni chakula chako cha karibu siku tatu.

Kadi ya benki usiiweke bondi hata kwa dakika tano. Anayeshika kadi na namba ya siri anapokea bumu kabla yako, anajikatia anachosema ni chake, na anakupa kinachobaki kama posho. Siku hiyohiyo huna fedha ya kodi, kwa hiyo unamkopa tena. Kuna wanaomaliza miaka mitatu hawajawahi kutoa bumu lao kwa mkono wao.

Mikopo ya programu za simu inafanana na hiyo, ila bei imefichwa vizuri zaidi. Tuseme umeomba 30,000. Inayoingia kwenye simu ni 24,000, wanasema ada ya huduma imekatwa. Baada ya siku saba unatakiwa kurudisha 33,000. Macho yanaona nyongeza ya 3,000 tu, wakati ukweli ni kwamba umelipa 9,000 kwa kutumia 24,000 wiki moja. Ukichelewa, wanaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako, kuanzia shangazi wa Nzega hadi mkuu wa kitivo, kwa sababu ulipokuwa unasajili ulibonyeza kukubali wasome majina yote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kabla hujapakua chochote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama halipo, achana nalo. Na wakikutisha kwamba polisi wako njiani, elewa kwamba kudaiwa ni shauri la madai, linaamuliwa mahakamani kwa ushahidi. Anachofanya yeye kwa kusambaza jina na picha yako ndicho kinachoweza kumfikisha pabaya, kwa kuwa tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Huduma za mitandao ya simu za kukukamilishia malipo, kama Songesha ya M-Pesa, ni halali na zinafaa kwa shida ya saa chache. Ubaya wake ni mmoja: zinajilipa zenyewe. Mama anatuma 20,000 ya nauli ya treni ya kurudi Kigoma, wewe unafungua ujumbe ukiwa kwenye foleni ya tiketi na salio linasoma chini ya hapo, kwa sababu deni la juzi limeshakatwa pamoja na ada zake za siku. Hakuna wa kumbembeleza, fedha imeshaenda.

Daftari la mangi

Kinyume cha hao wote ni mwenye duka. Kila mtaa una mangi, awe Mchaga au Mnyamwezi wa Usoke, na chini ya kaunta yake kuna daftari la kaunta lililokunjika pembe. Majina humo hayaandikwi kama kwenye vyeti: kuna Ticha Mrefu, Dada wa Geto la Bluu, Kigoma Mwaka wa Pili. Mbele ya kila jina ni mchele nusu, mafuta kipimo, sabuni kipande, vocha.

"Mangi, niandikie unga kilo moja na dagaa wa mia tano."

"Dogo, ukurasa wako umejaa."

"Bumu likitoka tu, kaka."

"Bumu likitoka huwa mnapitia ile njia ya kule."

Na anaandika. Hatozi riba. Anachopata ni kwamba anayenunua kwa daftari haulizi bei wala haangalii mkono wa mpimaji, na hawezi kwenda sokoni kwenye unafuu. Hiyo ndiyo gharama yake, na bado ni ndogo sana ukiilinganisha na asilimia 30. Kwa maoni yangu, daftari la mangi ndiyo hazina ya dharura pekee ya maana aliyonayo mwanafunzi. Ndiyo maana nashangaa kuona bumu likitoka yeye ndiye analipwa wa mwisho, kwa sababu hapigi kelele. Watu humlipa kwanza anayetukana. Mlipe mangi angalau nusu siku ileile, mbele ya macho yake akikata mistari kwa kalamu, halafu wiki ya saba nenda tena kichwa juu.

Michezo ya kijumbe, ya kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, nayo ni mizuri, lakini kucheza na wanafunzi wenzako hakusaidii kama inavyodhaniwa. Sababu ni ileile: siku ya kutoa wote hamna. Ukipata nafasi kwenye mchezo wa akina mama wa sokoni, wanaouza karanga na mboga na wana fedha kila jioni, ingia kwa kiasi kidogo unachokiweza. Wao ndio majirani wa tarehe nyingine ambao mwanafunzi hanao.

Mita moja, vyumba sita

Kodi tumeshaigusa. Maji kwa kawaida mnagawana bila matata mengi. Umeme ndio unaovunja urafiki, na nusu ya ugomvi ni kwa sababu hakuna anayeelewa mita inavyokata.

Mteja wa nyumbani anayetumia kidogo, si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100. Anayepita hapo kwa kawaida huwekwa kwenye kundi la matumizi ya jumla, ambako uniti ni 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1. Nyumba yenye vyumba sita vya wanafunzi na mita moja haiwezi kukaa chini ya 75. Kwa hiyo 5,000 ambayo kwa bibi yako Sikonge inaleta kama uniti 41, kwenye geto inaleta 14. Hakuna aliyeiba. Na kama wewe ndiye wa kwanza kununua mwezi huo, LUKU inaanza kukata kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, na unabaki na uniti zisizofika 10. Wenzako wanakuangalia kama umekula chenji.

Kodi hiyo ya jengo ni ya mwenye nyumba. Serikali ilipoihamishia kwenye LUKU mwaka 2021 mlipaji hakubadilika, ila njia tu. Mtunze ujumbe wa LUKU wa kila mwezi na mkae na baba mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita: 1,500 mara sita ni 9,000, aitoe kwenye kodi ya chumba. Wapo wanaokubali bila neno. Wapo wanaokasirika, na hao ni vizuri kuwajua kabla hamjaongeza mkataba.

Halafu kuna jiko la koili. La wati 1,500 linakula uniti moja na nusu kwa saa, ambayo kwa bei ya geto ni kama 530. Maharage ya saa mbili yanagharimu zaidi ya 1,000 ya umeme, sawa na bei ya kuyanunua yameiva kwa mama ntilie. Maharage yapikwe kwa mkaa, mengi kwa mara moja, mle siku tatu. Anayetoka vijijini Nzega au Igunga na akarudi na gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kwao ameokoa asubuhi za mwezi mzima, ingawa najua wapo wanaoona aibu kula michembe chuoni. Aibu hiyo ni ghali.

Sasa lile kubwa

Turudi kwa Bodi, iliyoanza kazi mwaka 2005. Waliokopa zamani walikuwa na haki ya kuogopa: deni liliongezeka asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, hivyo milioni 10 ilivimba kwa 600,000 kwa mwaka hata kama umekaa kimya. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Tangu hapo deni halikui kwa kukaa, na kwa kuwa bei za vitu zimekuwa zikipanda karibu asilimia 3 kwa mwaka, uzito wake unapungua polepole. Hutapata mkopo wa namna hiyo benki yoyote hapa nchini.

Lakini usilisahau, kwa kuwa siku ya kulipa halibembelezi. Baada ya kuhitimu kuna muda wa miezi 24 wa kujipanga. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tabora hapa wengi wanasomea ualimu, tufanye mshahara ni 800,000. Bodi inachukua 120,000, mfuko wa hifadhi 40,000, bima ya afya 24,000, kodi ya mapato kama 68,000. Mkononi inabaki 548,000 kabla ya chama cha wafanyakazi. Milioni 10 kwa mwendo huo inaisha katika miezi 84, miaka saba. Anayekwenda kukopa benki mwaka wa kwanza wa kazi ili anunue pikipiki na kupeleka mahari ndipo anapotambua kwamba nafasi ya makato imeshaliwa.

Wanaobanwa zaidi ni waliojiajiri. Kwao sheria inataka asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, au si chini ya 100,000 kwa mwezi. Kwa mhitimu anayeendesha bodaboda akisubiri ajira, 100,000 ni nzito kuliko 120,000 ya mwalimu. Hapo sheria haijakaa vizuri, nadhani, ila hata hivyo kunyamaza kunazidisha tatizo. Afadhali kwenda kuongea nao na kuanza na unachoweza.

Kama umeshazama

Andika madeni yote kwenye karatasi moja. Usiyapange kwa ukubwa. Panga kwa kinachoongezeka kwa siku, cha juu kabisa kikiwa programu ya simu na mtu wa kausha damu. Bumu lijalo, hao ndio wa kufutwa kabisa hata kama mangi atapata nusu na mshikaji atasubiri. Ukiweza kupata fedha ya bei ndogo ya kumlipa wa bei kubwa, fanya hivyo: mwambie kaka yako ukweli mara moja akupe 65,000, kuliko kumdanganya mara tatu kwa ajili ya 20,000 ya kitabu ambacho hakipo. Wazazi wa huku huwa wakali dakika kumi za kwanza. Baadaye wanauza mbuzi.

Ada ya chuo usiifanye siri. Anayekwenda kwa mhasibu wiki ya nne na kueleza kwamba tumbaku haijalipwa, na anaacha maandishi na tarehe, ana nafasi ya kusikilizwa. Anayekwenda asubuhi ya mtihani anakuta foleni ya watu wenye hadithi hiyohiyo.

Na mwaka wa tatu, kabla hujafunga begi kwenda stesheni, ingia kwenye akaunti yako ya Bodi usome deni lako lote, awamu kwa awamu. Kama ulikosa kusaini fedha ya muhula mmoja au uliahirisha mwaka, hakikisha fedha hiyo haijaandikwa kwako. Afisa mikopo wa chuo ndiye mwenye kumbukumbu za waliosaini, na kumpata ukiwa bado mwanafunzi ni kutembea dakika tano. Ukishapangiwa kazi Kaliua au Mpanda, ni safari.